Baridi Yenye Mlango

Ujumbe uliingia Alhamisi saa nne asubuhi, Mama Wakili akiwa amelikalia turubai la lori kama mtu aliyekamata mwizi. Turubai lilikuwa zito, linanuka mafuta, na cherehani yake kubwa ilikuwa inakaribia kumaliza mshono wa mwisho. Simu ikatikisika mfukoni mwa aproni. Akaitoa, akasoma, akasoma tena. Hapo akapiga ukelele, mafundi wote saba wa karakana wakazima mashine, kila mmoja akidhani sindano imempita kidoleni.

"Vipi? Umejichoma?"

"Nimepata!" akasema. "Jamani, nimepata!"

Msimamizi wa karakana akatoa kichwa dirishani kwake. "Kama umepata, pata ukiwa unashona. Mwenye lori anakuja saa sita."

Siku nyingine maneno hayo yangemkaa kooni mpaka jioni. Siku hiyo alicheka. Alishona mshono ule huku mguu ukicheza kwenye pedali, na ukiupima leo utaukuta umenyooka vilevile, maana Mama Wakili hata akifurahi kupita kiasi, mkono wake haupotei.

Alichopata ni hiki. Kampuni moja ya ng'ambo, inayoshona yale mahema makubwa ya maonyesho na ya hospitali za dharura, ilikuwa inatafuta mafundi wa mashine nzito. Alijirekodi akishona, akatuma, akasahau. Sasa wamemjibu kwamba wanamtaka, tena achague mwenyewe. Walikuwa na viwanda viwili, kila kimoja na nchi yake. Kimoja kaskazini kabisa, kwenye theluji. Kingine kwenye nchi ya jua kali na vumbi. Kote huko mtu aliruhusiwa kwenda na familia yake. Ila kule kwenye theluji mshahara ulikaribia mara mbili ya ule wa kwenye jua, na juu yake nyumba ya vyumba vitatu. Jibu lilitakiwa kabla ya Jumatatu saa sita mchana.

Sasa mtu na akili zake, hapo kuna cha kuchagua?

Ndivyo walivyosema wote nyumbani jioni ile. Nyumbani penyewe palikuwa vyumba viwili: kimoja cha mume na mke, kingine cha Bibi na mjukuu, na kochi moja lililokuwa sebule, meza ya chakula na dawati la shule. Mjukuu ndiye huyo Wakili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na baba yake tangu siku alipobishana na nesi wa chanjo akiwa na miaka minne, mpaka nesi akaomba maji. Bibi alikuwa mama mzazi wa baba. Na baba, mtaani wakimwita Baba Wakili, kazini walimwita Barafu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akibeba maboksi ya samaki kwenye ghala la baridi, na mtu wa kumwambia habari za baridi alikuwa hajazaliwa.

"Hebu angalia leo kule ni ngapi," akamwambia binti yake.

Wakili akabonyeza simu ya mama yake. Macho yakamtoka. "Baba, chini ya sifuri! Kumi na tisa chini ya sifuri!"

"Kumi na tisa?" Barafu akajinyoosha kwenye kochi. "Sasa hiyo si ofisini kwangu? Mnanipeleka ng'ambo kumbe mnanirudisha kazini!"

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bibi alicheka kuliko wote, akijifuta machozi kwa pindo la khanga. Wakili akaanza kuonyesha picha: watoto wanateleza kwenye theluji, nyumba zenye paa jeupe, basi la shule la rangi ya chungwa. Shule ya kule ilikuwa na chumba kizima cha darubini. Aliisoma habari hiyo mara tatu, kwa sauti, kana kwamba kuna mtu amekataa.

Mama Wakili naye alifurahi, tena sana, lakini mwenzenu ni mtu wa vipimo. Turubai halikatwi kwa macho. "Mimi baridi yangu ni ile ya mvua za asubuhi," akasema. "Hii ya kumi na tisa siijui. Tutaiweza?"

"Mke wangu, baridi ni mazoea."

"Mazoea ya wapi? Wewe umezoea. Sisi je?"

Barafu akafikiri kidogo, kisha akapiga kofi gotini. "Jumapili nawapeleka mkaionje. Mkiishinda, tunatuma jibu. Mkishindwa, mtaniambia."

Ndiyo hivyo. Watu wengine wakitaka kujua hali ya hewa ya nchi wanauliza waliofika. Hawa waliamua kwenda kuipima ghalani, kwenye samaki.

Jumamosi ikawa ya makoti. Walikwenda mitumba wote wanne, wakati jua limesimama utosini, na muuza makoti alipowaona wanauliza makoti mazito aliamka kwenye usingizi wake.

"Mnasafiri?"

"Tunasafiri!" Wakili akajibu kabla ya mtu mzima yeyote.

"Basi bei imesafiri pia," muuzaji akasema, na hakuwa anatania.

Bibi alijaribu koti jeusi lenye manyoya shingoni, likamfika visiginoni. Jasho likaanza kumtiririka papo hapo, lakini kulivua akakataa. Vijana waliokuwa wakichambua suruali pembeni wakaanza kunong'ona, mmoja akasema kwa sauti, "Bibi, dubu mwenzako anakutafuta." Wenzake wakaangua kicheko. Mama Wakili alitamani kuingia chini ya rundo la nguo. Bibi hata hakugeuka.

"Mwambieni nimepata nauli," akajibu. "Nitamkuta kulekule kwao."

Hapo waliocheka wakacheka upya, safari hii upande wa Bibi, na muuzaji akapunguza bei kidogo kwa heshima ya mdomo ule. Wakili alipata jekundu lenye kofia. Mama Wakili alipata la kijivu, akakagua mishono yake ya ndani, akasema halijashonwa na mtu mvivu. Barafu hakununua. Kila alilopewa alilirudisha bila kulijaribu: hili fupi, hili bega halijakaa. "Nyie vaeni," alisema. "Mimi ngozi yangu ndiyo koti." Mkewe akaona ni majigambo yake ya kila siku, akaendelea na mambo yake.

Jumapili ghala lilikuwa na lori moja tu la kupakia, nalo lilimaliza mapema. Lilikuwa jengo refu la mabati meupe, na mlango wake mnene kama godoro. Mlangoni alikaa msimamizi, mama mmoja mfupi, filimbi shingoni na saa mbili mkononi, moja akiwa haiamini. Wafanyakazi walimwita Mama Filimbi. Alikubali wageni kwa sababu Barafu hakuwahi kumwomba kitu miaka kumi na mmoja.

"Karibuni," akasema. "Wafanyakazi wangu wanakaa dakika ishirini, nikipuliza wanatoka kuota jua. Nyie nawapa kumi. Ya kumi na moja nafunga, mtauzwa na samaki."

Wakili akacheka. Mama Filimbi hakucheka.

"Sheria ni moja. Hapa hakuna anayeingia peke yake. Kila mtu ana pacha wake. Mkitoka, kabla ya kusema chochote, unavua glavu, pacha wako anakukagua vidole. Vikiwa sawa, anasema 'Safi!' kwa sauti, nisikie. Asiposema, wewe hurudi ndani mpaka daktari aandike."

"Na daktari asipoandika?" Wakili akauliza.

"Basi kazi huna, mwanangu. Mimi kazi ya nje sina ya kumpa mtu."

Wakili alipenda sheria kama watoto wengine wanavyopenda pipi. Akagawa watu papo hapo. "Bibi pacha wangu. Mama pacha wa Baba."

"Mimi mwenyeji, sihitaji kukaguliwa," Barafu akasema. "Hata pacha wangu leo yuko mapumzikoni."

"Sheria haina mwenyeji," Mama Filimbi akamjibu, akavuta mlango.

Loo! Iliwapokea usoni, kavu, bila salamu. Pumzi ya kwanza Mama Wakili aliivuta ikagoma katikati ya kifua. Nywele za puani zikasimama. Mbele yao maboksi yalipangwa mpaka darini, yamevaa unga mweupe, na taa za humo zilikuwa za samawati kidogo. Wakili akatoa moshi mdomoni, akapiga mayowe ya furaha. "Mama, nimekuwa gari!" Bibi akafungua mdomo kuimba, sauti ikatoka na mvuke, akaona raha, akaanza kucheza pale pale na koti lake la manyoya likifagia sakafu.

"Hii ndiyo kumi na tisa?" Mama Wakili akauliza, meno yakigongana.

"Kumi na nane," Barafu akasema kwa fahari. "Moja imebaki, mtaikuta kulekule."

Alikuwa mwenyeji kwelikweli. Akawaonyesha pa kukanyaga, akawaambia wasiguse chuma, akawataka watembee wasisimame. Dakika ya nne masikio ya Mama Wakili yakaanza kuuma. Ya sita hakuyasikia tena, na hilo likamtisha zaidi. Ya nane aligundua kitu: anaweza. Haipendi, lakini anaiweza. Akawatazama mama mkwe na binti yake wakizunguka maboksi wameshikana mikono, na moyo ukampanda kwa furaha. Vyumba vitatu! Darubini! Filimbi ikalia, wakatoka mbio wakicheka kama watoto waliotoka shule, jua likawamwagikia mgongoni.

"Makaguzi!" Wakili akapiga kelele, glavu tayari ziko chini. "Bibi, lete vidole. Safi!"

"Na wewe safi!" Bibi akajibu.

Mama Wakili akavua zake, akamwonyesha mumewe. "Safi," Barafu akasema upesi, akageuka kama mtu anayetaka kuufunga mlango.

"Baba, bado wewe."

"Nimeshasema mimi..."

"Baba, sheria!"

Mama Filimbi alikuwa anawaangalia, filimbi mkononi. Barafu akasimama. Akajaribu kuvua glavu ya kulia, vidole havikumsikiliza. Akaing'ata kwa meno. Mama Wakili akacheka, akasogea, akamvua yeye mwenyewe.

Kicheko kikamfia mdomoni. Vidole vitatu vya mumewe vilikuwa vyeupe. Si vya kupauka. Vyeupe vya chaki, kutoka nchani mpaka kiungo cha pili, na kucha zimekuwa za samawati. Akavibana. Vilikuwa vigumu, havina mtu ndani. Akainua macho, akakutana na ya mumewe, na miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kuyaona macho hayo yakimwomba kitu namna ile.

"Mama," Mama Filimbi akasema. "Tunakusikiliza."

Mama Wakili akavifunika vidole vile kwa viganja vyake viwili.

"Safi!" akasema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama Filimbi akamtazama muda. "Haya," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Mume na mke walikaa kwenye benchi la nje, Bibi na Wakili wametangulia kununua maji. Rangi ilianza kurudi kwenye vidole vya Barafu, na ilikuja na maumivu yake. Aliuma midomo, akaminya mikono kwapani.

"Umeniokoa," akasema.

"Nyamaza. Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Na kila siku anakukagua nani?"

"Pacha."

"Anasema safi?"

"Anasema safi. Asubuhi hata vifungo vya koti la kazi ananifunga yeye."

Mama Wakili akawa anatazama mbele, kwenye geti. Hasira ilimjaa mpaka machozi yakaona aibu kutoka. "Kwa hiyo pacha wako anajua, na mimi mkeo sijui."

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungeniambia niache kazi. Tungekula nini?"

"Umekwenda hospitali?"

Alikwenda. Daktari wa zahanati alimwambia mishipa ya vidole inajifunga ikipata baridi, damu haipiti. Alimwambia aikimbie baridi, la sivyo ncha za vidole zitaanza kuoza. Alitoka pale akarudi ghalani, kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu yake.

"Mtu ameambiwa akimbie baridi," Mama Wakili akasema polepole, "na Alhamisi jioni nzima amekaa kwenye kochi anatushangilia twende kwenye theluji."

"Sikutaka niwe mimi niliyewanyima. Nitakaa ndani. Kule nyumba zina joto, umeona mwenyewe kwenye picha."

"Utakaa ndani miezi mingapi?"

Barafu akarudisha mikono kwapani.

"Sikiliza, Baba Wakili. Baridi unayoijua wewe ina mlango. Dakika ishirini, filimbi, unatoka, unaota jua, unajiita Barafu. Ile ya kule utaitokea wapi? Kituo cha basi kina mlango? Ukitafuta kazi, utaitafuta umekaa kitandani?"

"Basi nendeni nyie," akasema. "Nendeni nyie watatu... hapana, nyie wawili. Mimi nibaki na Mama. Mtatutumia chochote. Nyumba ile, ile shule, usiiache kwa ajili ya vidole vitatu."

"Nani anabaki?"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi na chupa ya maji, koti la manyoya begani, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Wakili alikuwa pembeni yake, kimya, jambo ambalo mtaani lingeitiwa watu.

"Nauliza, nani anabaki? Mimi nimeshanunua koti." Akazunguka benchi, akamshika mwanawe mkono, akautazama. Uso wa mzee ukabadilika. "Wewe mtoto. Ulipokuwa mdogo ulimeza kishikizo, ukakaa siku mbili hukusema, nikaja kugundua kwa homa. Hujaacha tu? Mficha maradhi..." Akakatiza. "Sitaki kuimalizia. Unajua inakoishia."

Barafu akainamisha kichwa. Mbele ya mama yake, mbele ya mtoto wake, mwanaume mzima akalia, akijifuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu ncha za vidole zilikuwa bado zinawaka.

Wakili ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo theluji ndiyo basi?"

Mama yake akamvuta karibu. Alijua anachokivunja, na hakutaka kumdanganya. "Ndiyo basi, mwanangu. Darubini pia."

Wakili alikuwa na hoja, ilionekana. Ziliingia usoni moja moja, naye akazitoa moja moja. Mwishoni akasema, "Ile nchi nyingine, kuna mtu ameshaiuliza inafika ngapi?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Siku tatu wameshinda wanapima baridi, wananunua makoti, wanatembelea samaki, na nchi ya pili hakuna aliyeigusa.

"Basi tusirudie upumbavu," Mama Wakili akasema, akasimama. Na cha ajabu, alipokuwa anatembea kuelekea getini alijikuta anatembea haraka, anakaribia kukimbia, furaha ile ya Alhamisi inamrudia miguuni.

Jumatatu aliomba ruhusa ya nusu siku. Msimamizi wa karakana alimwambia wanaosafiri huwa wanaanza kuringa kabla ya ndege, na nusu siku hiyo haitalipwa. Akasema sawa. Saa tatu wote wanne walikuwa wamelizunguka kochi, simu iko katikati, sauti imefunguliwa. Wakili alikuwa na daftari la hesabu, kurasa mbili za maswali. Bibi alivaa khanga mpya kana kwamba anaonekana.

Dada wa ofisi ya ajira, ile inayozitafutia kampuni za ng'ambo wafanyakazi, alikuwa na sauti ya mtu anayejibu simu mia kwa siku. "Ndiyo, Mama. Tukuandike theluji?"

"Hapana, dada. Jua."

"Mama, umeona tofauti ya mshahara lakini?"

"Nimeiona. Kuna mtu kwangu hatakiwi kwenye baridi. Ila na huko kwenye jua sijasema ndiyo bado. Nina maswali."

"Uliza."

Akauliza. Mwezi mkali kuliko yote unafika ngapi? Nyuzi arobaini na nne. Bibi akashika kifua, akasema "Yallah," lakini macho yalikuwa yanacheka. Sasa kazi inafanyikaje? Inaanza saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana kila mtu yuko nyumbani. Karakana ina viyoyozi? Inavyo, kwa sababu gundi ya mahema huharibika kwa joto. Kwa hiyo ni kwa ajili ya gundi, si kwa ajili ya watu? Dada akacheka, akakiri, ndiyo, ni kwa ajili ya gundi, lakini watu wanafaidi. Na nyumbani? Kiyoyozi kimoja, chumba kimoja, umeme mnalipa wenyewe. Vumbi je? Lipo, miezi miwili, wenye pumu haliwafai. Hapa hakuna mwenye pumu. Mzee mwenye presha, kama Bibi, anaweza kuishi? Wapo, ila wakati wa mchana hawatoki, na maji wanakunywa hata bila kiu. Shule? Kwa basi dakika kumi. Ina darubini? Hilo aliuliza Wakili mwenyewe, ameinamia simu.

"Darubini?" dada akasema. "Sijui, mdogo wangu. Nitauliza."

"Tafadhali uulize kweli," Wakili akasema, akaandika.

Dada akavuta pumzi. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeongea na watu. "Mama, miaka minne niko hapa. Watu huniuliza mshahara na tarehe ya ndege. Wengine wanarudi kabla ya mwaka, wanasema hawakujua. Haya, nafasi ipo moja. Mume wako anafanya kazi gani, niweke kwenye fomu?"

"Ghala la baridi," Bibi akadakia kwa mazoea. "Miaka kumi na mmoja!"

Wakasikia vidole vya dada vikigonga mashine, harakaharaka. "Subiri. Subiri kwanza. Mama, wewe una bahati ya ajabu! Pale pale, mtaa wa pili na kiwanda, kuna kampuni ya vyakula. Wanatafuta msimamizi wa ghala la baridi, mwenye uzoefu wa miaka kumi kwenda juu. Kwa joto la kule, watu hao hawapatikani. Mkiweka mishahara yenu pamoja mnaupita hata ule wa theluji. Nimwandike sasa hivi?"

Wakili akafungua mdomo, Bibi akamfinya paja. Mama Wakili alihisi neno liko kwenye ulimi, na akalibana kwa meno, maana jana alikwisha kusema kwa niaba ya mumewe mara moja, na alijua alichokisema.

Barafu alikuwa anaitazama simu. Msimamizi! Mwenye filimbi, si mwenye kubeba. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na sasa ng'ambo wanamwita kabla hata hawajamwona. Akasogea.

"Dada, ndimi mwenyewe. Huyo msimamizi, anaingia ndani?"

"Mara chache tu kwa siku, baba. Anaingia, anatoka."

Barafu akaviweka vidole vyake juu ya magoti, kumi vyote, akavifungua.

"Usiniandike," akasema. "Vidole vyangu vinakufa kwenye baridi. Mwezi wa saba huu, na nilikuwa nawaficha watu, hata hawa wa ndani kwangu. Hata hiyo ya kuingia na kutoka, siingii tena. Leo mchana nakwenda kumwambia msimamizi wangu hapa."

"Pole sana, baba," dada akasema. "Sasa nikuandike nini?"

"Niandike natafuta kazi. Yoyote, ila iwe na joto."

"Yenye joto," dada akarudia, akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Baba yangu, kule nyingine hakuna!"

Nyumba ikalipuka. Bibi alipiga vigelegele, Wakili akarusha daftari juu, jirani akagonga ukuta na safari hii wakamgongea na wao. Mama Wakili akaushika mkono wa mumewe, hadharani, mbele ya mama mkwe, akainamia simu.

"Dada, uko hapo? Andika. Tunakuja wanne."